Dira ya Mbaruku na Mjomba wa Chunyu

Jumamosi, 4 Juni 1949

Leo nimepata cheo. Hawajanipa bado, lakini nimekipata.

Asubuhi Bwana wa kambi ya wapima alitukusanya sote tunaovuta mnyororo wa kupimia. Akasema anatafuta mtu mmoja wa kuongoza kundi la wakata mistari huko porini, upande wa Ruangwa. Mtu huyo atatangulia na ramani na dira. Nyuma yake watafuata wenye mashoka, wakikata anapoonyesha. Atapewa kofia ya kaki na buti, na ataitwa Kiongozi. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Nilinyoosha hata kabla hajafika kwenye habari ya simba.

Maana simba wapo. Alipowataja tu, mikono mingi ikashuka. Tukabaki wawili: mimi na Isihaka wa Mkotokuyana. Isihaka hufanya kila jambo polepole, pamoja na kushusha mkono.

Atakayetufundisha ni Fidelis, mchora ramani wa kambi, Mmakua wa Masasi aliyesoma misheni. Baada ya masomo kuna mtihani. Tutapelekwa Ruangwa kwa lori, kisha kila mtu atafute njia yake porini mpaka Chunyu kwenye bendera. Ni marufuku kumwuliza mtu njia. Anayeuliza ameanguka. Anayetangulia kufika anavishwa kofia palepale.

Chunyu! Nilijizuia nisiruke. Chunyu ndiko anakokaa Mzee Amri, mjomba wake Sikuzani. Na kwetu huku baba hulea, lakini anayeoza ni mjomba. Mwalimu Kaimu, baba yake Sikuzani, anayetuswalisha hapa Nachingwea, anaweza kunipenda mpaka basi. Mjomba akisema hapana, nimekwisha. Na mjomba huyo hajapata kuniona. Basi ataniona siku hiyo hiyo! Nitatoka kwenye bendera moja kwa moja mpaka barazani kwake, kofia kichwani, nipose.

Jioni nilimkuta Sikuzani kisimani. Nikamwambia mimi sasa ni Kiongozi. Akauliza nawaongoza akina nani. Nikamjibu kwamba ni siri ya kazi. Alicheka hadi maji yakamwagika mtungini. Binti huyu ananipenda, hata kama hajagundua.


Jumatatu, 6 Juni

Somo la kwanza. Dira. Kitu chenyewe kina umbo la saa ya mfukoni, lakini ndani kuna sindano moja tu, inatetemeka. Fidelis alituambia tuzunguke upande wowote tutakao. Tukazunguka. Sindano haikutufuata. Kila mara inatazama kaskazini.

Nikatazama kaskazini. Nikaona paa la msikiti wetu. 

Kaskazini ndiko kibla! Sisi watu wa huku tukisimama kuswali tunaelekea huko huko. Kumbe Wazungu wanatembea na kibla mifukoni miaka yote hii na hawajasema neno! Fidelis naye, Mkristo wa watu, anaifundisha bila kujua anachofundisha. Aliendelea kueleza mambo mengine, sijui chuma, sijui kisu, sijui kuwa mbali na nini. Sikufuatilia. Nilikuwa nimeshamwona Mwalimu Kaimu akinibusu kipaji cha uso mbele ya waumini wote.

Isihaka alikuwa akirudia kila neno kwa midomo kama mtoto wa chuoni. Nilimwonea huruma.


Jumanne, 7 Juni

Somo la pili. Ramani. Rahisi mno. Bluu ni mito. Nyekundu ni barabara ya magari. Vidoti vyeusi ni nyumba. Kisha kuna mistari ya kahawia, myembamba sana, inazunguka vilima.

Isihaka akauliza mistari ya kahawia ni kitu gani. Sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtu mzima hazijui njia za miguu! Nikampiga begani nikamwuliza kama kwao Mkotokuyana watu huruka. Nikacheka tena. Nilipomaliza, Fidelis alikuwa amekwisha kumjibu, na Isihaka alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Fidelis akaniuliza kama nami nimesikia. Nikamwambia hayo niliyajua tangu tumboni mwa mama yangu.


Ijumaa, 10 Juni

Siku ngumu. Niandike kwa utaratibu, maana watu watalipotosha jambo hili.

Fidelis aliniazima dira nikajizoeze. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikafunga mkanda, nikachomeka panga langu jipya kiunoni. Kiongozi asiye na panga hatambuliki. Nikafika uwanja wa msikiti kabla ya adhana, wazee wakiwa wanatawadha. Nikawaomba wanisikilize. Nikasema nimeleta chombo cha kuwathibitishia kibla, bure, kwa mapenzi yangu kwa Mwalimu Kaimu na kwa nyumba yake. Neno nyumba nililivuta kidogo.

Nikaishika dira usawa wa kiuno, kwa madaha. Sindano ikatetemeka. Ikageuka. Ikasimama.

Haikuelekea kwenye mihrabu! Ilielekea nyuma ya kambi, kwenye kilabu cha pombe.

Nikapima tena. Kilabu. Sasa ningefanya nini? Elimu ni elimu. Nikawaambia kwa masikitiko kwamba msikiti umepinda.

 Kisha Mwalimu Kaimu, ambaye husema chini chini hata akiwa amekasirika, akaniuliza kama ninasema babu yake, aliyepima kibla hiki kwa jua na nyota, alikosea. Nikamjibu kwa adabu kuwa marehemu hakuwa na dira, kwa hiyo tumsamehe.

Hapo moto ukawaka. Mzee Yunusi akachukua mkeka wake akaugeuza. Mwenzake akaugeuza tena kwa mguu. Wakashikana kanzu. Mwingine akapiga kelele kuuliza habari ya makaburi: kama kibla si hiki, je, wazazi wetu wote wamelazwa vibaya? Nikamtuliza. Nikamwambia tukipata watu wa kutosha wenye majembe, na msimamizi mzuri, makaburi yote yanaweza kugeuzwa kabla ya Ramadhani. Nilidhani hilo litapoza. Halikupoza.

Katikati ya kelele Fidelis akapita na baiskeli. Akasimama barabarani, akatazama, akaniita kwa sauti: vua panga! Nikadhani ni adabu ya mahali patakatifu. Nikavua, nikaliweka mbali. Sindano ikajigeuza yenyewe, polepole, ikasimama sawasawa na mihrabu.

Wazee wote waliiona. Mwalimu Kaimu aliitazama sindano, akanitazama mimi, kisha akamtazama Fidelis na msalaba wake shingoni. Akasema, Alhamdulillahi, Mkristo ametutoa kilabuni.

Walicheka wote isipokuwa yeye. Hata baada ya salamu ya mwisho nilisikia mabega ya mtu yakitikisika nyuma yangu.

Baada ya swala nilimfuata Mwalimu taratibu nikamgusia jambo la Sikuzani. Akasema mambo ya Sikuzani yako kwa mjomba wake Chunyu. Yeye hana la kuongeza wala la kupunguza. Hana la kupunguza! Nimeyapima maneno hayo njia nzima. Amekubali.


Jumamosi, 11 Juni

Mji mzima unaniita Bwana Kilabu. Hata watoto. Hata yule mama muuza mihogo ambaye hana meno ya kulitamka vizuri.

Sikuzani naye kisimani akaniuliza kama nitaweza kufika nyumbani peke yangu au anisindikize. Nikamwambia anisindikize. Akacheka, hakunisindikiza. Lakini aligeuka mara moja kunitazama, nami nilikuwa nimesimama pale pale namtazama, kwa hiyo nina ushahidi.


Jumatatu, 13 Juni

Wasioelewa wanadhani Ijumaa nilifedheheka. Mimi ninasema nilijifunza. Chuma hukosesha dira! Nikalala na neno hilo, nikaamka na mpango.

Isihaka ana shati la kaki lililochanika mfuko wa kifuani, na dira huitundika shingoni kwa uzi, inaning'inia papo hapo. Na mimi, kabla ya kazi hii, nilikuwa nikishona vifungo kwa fundi cherehani. Nikamwendea kwa sura ya huruma. Nikamwambia si vizuri mtu wa Mkotokuyana kwenda mtihani na mfuko umefumuka, alete nimshonee. Alinishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Haya ilipita.

Nimeweka kiraka cha nguo mbili. Katikati nimetia nati nzito za lori, nimezitandaza vizuri zisigongane. Nimeshona kwa uzi wa turubai, mishono midogo ya kubana. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi maishani. Pembeni nimetia hata ua.

Mwache aende. Sindano itamtazama kifuani mpaka Msumbiji.


Alhamisi, 16 Juni

Ninaandika nikiwa Chunyu, nyumbani kwa Mzee Amri. Sikuja kwa namna niliyoipanga.

Asubuhi, kabla ya kupanda lori, Isihaka alinivuta mbele ya Fidelis na kundi zima. Akasema yeye si mtu wa maneno. Akasema amesikia kuwa nikifika Chunyu nitaposa, na haifai mtu akapose na shati kuukuu kama langu, wakati yeye amevaa shati lenye kiraka cha ua. Akalivua. Akanivisha kwa mikono yake mwenyewe. Akalichukua langu lililotoboka kwapani akalivaa yeye. Watu wakapiga makofi! Fidelis akasema huo ndio moyo wa porini. Sasa ningekataa kwa sababu gani? Ningesema nini?

Kwenye lori tulikaa bega kwa bega mpaka Ruangwa. Kila gari lilipoingia shimoni nati zilinipiga chuchu.

Walitushusha pembeni mwa msitu. Isihaka akapima, akatikisa kichwa, akaondoka pole pole kama mtu anayekwenda kuchota maji. Nikamsubiri apotee, nikajificha kichakani nifumue kiraka. Hakifumuki! Nilitumia kucha. Nilitumia meno. Ninyi mnaosema mimi si fundi, njoni muone uzi ule. Nikalivua shati nikalitundika mtini. Nikaendelea kifua wazi, ramani kwapani. Panga nilikuwa nimeliacha Nachingwea. Hapakuwa na msafiri aliyetakasika na chuma kuliko mimi.

Ramani ilionyesha kilima kimoja kati yangu na Chunyu. Kukipanda ni kazi ya punda. Lakini kulikuwa na njia ya kahawia, nyembamba, safi, inakizunguka bila kukatika mahali popote. Nikaichagua hiyo. Nilipofika mwanzo wake sikuiona. Nikadhani imefunikwa na nyasi, watu wa huku hawafyeki. Nikaifuata hivyo hivyo kwa kuikadiria: mlima kushoto, bonde kulia, sipandi, sishuki. Raha tupu! Nilianza hata kupiga mluzi.

Nikatokea kwenye shamba la ufuta. Kulikuwa na mama mmoja akivuna, matita yameegemezwa yakauke, nyuma yake nyumba. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikashtuka. Huo ulikuwa mtego! Nikimwambia ninakokwenda, ataniambia njia, nami nitakuwa nimeanguka mtihani. Nikamjibu kwamba siruhusiwi kusema. Nikaondoka kwa hatua ndefu.

Nikatembea sana. Jua likapanda. Nikafika kijiji cha pili. Nao wanalima ufuta, wameuegemeza vile vile. Kulikuwa na mama hapo pia, na kanga yake ilikuwa ya rangi ile ile, nadhani duka lao ni moja. Nikamwamkia. Huyu hakuitikia. Alisogea nyuma ya tita la ufuta akaniuliza nimesahau nini. Nikamwambia sijasahau kitu, sijapata kufika hapa maishani mwangu. Akachukua kisu chake cha kuvunia. Nikaona watu wa kijiji hiki hawana ukarimu wa wale wa kwanza.

Nilipofika kijiji cha tatu nilianza kuishuku ramani.

Maana mama ni yule yule. Safari hii hata yeye hakungoja salamu. Akauliza kwa sauti kubwa mimi ni mwanaume wa namna gani, kifua wazi, ninamzunguka mke wa mtu tangu asubuhi. Nikataka kumwonyesha kuwa mimi ni mtu wa kazi. Nikamnyooshea dira. Akadhani ni uganga. Akapiga yowe ambalo nadhani lilifika Nambilanje.

Walitoka watu mpaka kwenye nyumba ambazo sikuziona. Mbele yao mzee mfupi, mpana, ana mpini wa jembe mkononi. Akaniuliza jina. Nikamwambia Mbaruku, Kiongozi. Akauliza shati liko wapi. Nikamwambia liko mtini. Akauliza kwa nini liko mtini. Nikamwambia kwa sababu ya nati. Alifikiri kidogo, akauliza ninamtakia nini mke wake, Moza. Nikamwambia kwa haraka kwamba simtaki mke wake kabisa, sijawahi kumtaka hata mara moja. Huyo mama akakasirika zaidi. Nikasema ninayemtaka ni Sikuzani wa Mwalimu Kaimu, na ninakwenda kumposa kwa mjomba wake, Mzee Amri.

 Mpini ukashuka polepole.

Mzee yule akasema kwamba Mzee Amri ndiye yeye.

Nikamwamkia shikamoo.  Hakuitikia marahaba. Alinishika mkono kama mtu ashikavyo mbuzi, akanizungusha nyuma ya nyumba yake. Bendera ilikuwa pale! Nyuma ya choo! Na chini yake Isihaka ameketi juu ya kinu, kofia ya kaki kichwani, anakula mihogo ya kuchemsha na shati langu mwilini.


Ijumaa, 17 Juni

Nimerudi Nachingwea kwa lori. Nimekata rufaa kwa Fidelis.

Akanitaka nimwonyeshe kwenye ramani njia niliyopita. Nikamwonyesha ule mstari wa kahawia. Akafunika uso kwa mikono. Kisha akanieleza kwamba ile si njia. Mstari wa kahawia unaonyesha mahali penye kimo kimoja. Anayeufuata hapandi wala hashuki, atauzunguka mlima na kurudi alikotoka.

Nikamwambia ndivyo nilivyofanya! Sikupanda wala sikushuka! Niliufuata mstari mzima bila kukosea, tena kwa kurudia! Kama ndivyo, basi nimeusoma kuliko Isihaka, aliyefuata dira tu kwenda mbele kama ng'ombe. Fidelis alisema hilo hawezi kulibishia. Lakini kofia hakunipa.

Isihaka amenirudishia shati. Amelifua. Akauliza lile la ua nimeliweka wapi, maana analipenda. Nimemwambia limechukuliwa na simba.


Jumapili, 19 Juni

Mzee Amri yuko njiani kuja Nachingwea kwa shemeji yake. Habari amekuja nazo dereva wa lori. Anasema mzee amepanda gari Ruangwa na mke wake, wamevaa nguo za kutokea.

Nilikwenda kisimani. Sikuzani hakuwepo. Nikangoja mpaka wanawake wote wakaondoka na vyura wakaanza kulia.

Niseme kweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Sililii kofia. Kofia ya kaki ni kitambaa tu, na huyo Isihaka inamfunika masikio. Ninaogopa kwa sababu ya Sikuzani. Watu wengi wananicheka, na wanaponicheka huwa nataka ardhi inimeze. Yeye akinicheka, mimi hutaka kusema jambo jingine ili acheke tena. Sijui nitaishije Nachingwea hii nikimwona anapita na mtoto wa mtu mwingine mgongoni.


Jumatatu, 20 Juni

Waliniita baada ya alasiri. Nilikuta mkeka mmoja uwanjani kwa Mwalimu Kaimu, nikaelekezwa nikae katikati yake peke yangu.

Mzee Amri ndiye aliyeanza. Akasimulia yote. Kifua wazi, mara tatu, dira, nati. Bibi Moza akawa anasahihisha pale anapopunguza. Alipofika kwenye shati lililo mtini, Mzee Yunusi alijifunika kofia usoni. Kisha Mwalimu Kaimu naye akaongeza ya msikitini kwa ile sauti yake ya chini, neno kwa neno, hadi makaburi. Nilihesabu nyuzi za mkeka. Nilifikiri kuhama kwenda Newala.

Mzee Amri akangoja vicheko viishe. Akasema yeye amewaoza wapwa zake wakubwa kwa wanaume hodari, wajuzi wa njia. Mume wa Mwanaheri alijua njia ya Lindi. Akaifuata kwenye mashamba ya mkonge, na hajarudi mpaka leo. Mume wa Mwanne alijua njia ya Dar es Salaam. Alituma salamu mara moja, kisha kimya. Wake zao wanalima peke yao na kuulea upweke. Akasema amechoka kuoza mabinti kwa watu wanaojua njia.

Akaninyooshea kidole. Akasema huyu alipita nyumbani kwangu asubuhi nzima, akitaka kuondoka, akashindwa. Huyu ndiye ninayemtaka.

Nikadhani sikusikia vizuri.

Akaendelea. Akasema mimi nitajenga Chunyu, ukweni, kama ilivyo desturi yetu, shamba lipo, ufuta upo, na Moza ameshanizoea. Ila binti mwenyewe aulizwe. Mwalimu Kaimu akaita mlangoni. Nyuma ya pazia Sikuzani akasema, kwa sauti ambayo haikutetemeka hata kidogo, kwamba yeye anataka mume wa kumchekesha, na ambaye akipotea, atapotelea nyumbani.

Mama zangu, waliokuwa wakisikiliza kutoka uani, walipiga vigelegele. Mwalimu Kaimu alinishika mkono, na nilipomwangalia niliona macho yake yamelowa. Mimi nililia waziwazi. Sioni aibu kuandika. Nililia hadi Bibi Moza akanipa ncha ya kanga yake, ile ile.


Jumatano, 22 Juni

Nimekaa nimefikiri sana juu ya maneno ya Mzee Amri. Yule ni mtu wa mafumbo. Mzee wa heshima hawezi kumsifu mkwe hadharani, kwa hiyo alinisifu kwa kupindua. Ukweli uko wazi: nilipokutana naye nilikuwa na ramani mkononi na dira shingoni. Kilichonipa mke ni elimu.

Ndoa ni Ijumaa hii, Chunyu, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Sikuzani na wanawake wanatangulia kesho kwa lori. Wanaume tutafuata na ngoma, magunia ya mchele na mbuzi. Isihaka amejitolea kutuongoza kwa barabara, na kofia yake. Nimemshukuru, nikamkatalia. Bwana arusi anaongozwa na mtu mwingine kwenye arusi yake mwenyewe? Watu wangesemaje?

Nimeichunguza ramani usiku na mchana. Barabara inapinda ovyo, inapoteza muda wa watu. Nimegundua njia ya mkato inayopita katikati ya pori, imenyooka, na ajabu ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuitumia. Tutaondoka kesho alfajiri, tutakuwa Chunyu kabla ya magharibi. Nimewaambia wabebe chakula cha mchana tu. Mzee Yunusi ameuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwonyesha dira, akanyamaza.

Jioni hii nimemweleza Sikuzani habari ya njia ya mkato. Hakucheka. Alinitazama kwa upole sana, kama mke kabisa, akasema ni vizuri, atamwambia mjomba wake wachinje Jumapili.

Nimemkumbusha kwamba ndoa ni Ijumaa. Amesema anajua.